Kontrasti kwenye MRI ya haraka: mwongozo kamili wa kuinasa awamu ya ateri ya ini, hatua kwa hatua

Gadolini, dawa ya kontrasti ya MRI, ikishaingia kwenye mshipa wa mkono inapita kwenye ateri za ini mara moja tu, sekunde chache, basi. Huwezi kumwambia mgonjwa lala tena turudie dakika tano zijazo, maana dawa ya kwanza bado imo kwenye damu na imeshajaa kwenye nyama ya ini, ukisukuma nyingine juu yake unapata mchanganyiko ambao hakuna daktari wa radiolojia atakayeusoma kwa uhakika. Kwa hiyo yote ninayoandika hapa yanalenga jambo moja, kwamba kitovu cha k-spesi, yaani jedwali la data ghafi ambalo mashine inalijaza ili kutengeneza picha, kikutane na dawa wakati dawa iko pale unapoitaka. Aina ya dawa, kasi ya kusukuma, namna mgonjwa anavyobana pumzi, mbinu za kuharakisha mashine, vyote vinatumikia hilo.

Nimechagua ini kwa sababu ndipo muda unapobana kuliko sehemu nyingi, na kwa sababu huku kwetu saratani ya ini inatuumiza. Homa ya ini B ipo kwa wingi, sumukuvu ipo kwenye mahindi na karanga, na wanaokuja wengi bado ni vijana wenye familia. Uvimbe wa aina hii unakula damu ya ateri wakati ini lenyewe linategemea zaidi damu ya vena ya pota, ndo maana kwenye awamu ya ateri uvimbe unawaka na ini bado limefifia. Ukiikosa hiyo awamu umemnyima mtu jibu, na mara nyingi jibu hilo lingemwepusha na sindano ya kuchukua kinyama.

Kwa nini dawa na sikwensi ya haraka vinaendana

Hapa usiruke, ukielewa hili mengine yanakuja yenyewe.

Gadolini ni metali, namba 64 kwenye jedwali la elementi, na ayoni yake ina elektroni 7 zisizo na mwenza. Hizo elektroni zinafanya protoni za maji yaliyo karibu zirudi kwenye hali yake upesi, yaani muda huo wa kurudi, T1, unakuwa mfupi. Ikiwa peke yake ni sumu, ndo maana inafungwa ndani ya molekuli kubwa inayoishika mpaka itoke kwenye figo. Ya kwanza kuruhusiwa Marekani ilikuwa Magnevist, mwaka 1988. Miaka miwili kabla ya hapo, 1986, Axel Haase na Jens Frahm na wenzao wa Göttingen, Ujerumani, walichapisha FLASH, sikwensi, yaani utaratibu wa mapigo ya redio wa kupiga picha, inayopiga mapigo madogo madogo mfululizo bila kusubiri protoni zipoe kabisa. VIBE, LAVA na THRIVE tunazobonyeza leo ni watoto na wajukuu wa ile FLASH.

Sasa angalia. Kwenye Tesla 1.5 damu isiyo na dawa ina T1 ya milisekunde 1,200 hivi au zaidi, mafuta kama 250 hadi 300. Sikwensi ya haraka ina TR, muda kati ya pigo na pigo, ya milisekunde 3 hadi 5. Kitu chenye T1 ya 1,200 kikipigwa kila baada ya milisekunde 4 hakipati nafasi ya kupumua, kinabaki kimekandamizwa, cheusi. Ukisukuma dawa ya kawaida ya 0.5 mmol kwa ml kwa kasi ya ml 2 kwa sekunde, hiyo ni mmol 1 kila sekunde, na moyo unaotoa lita 5 kwa dakika unaichanganya na lita 0.083 za damu kila sekunde, kwa hiyo dawa kwenye ateri inafika kama mmol 12 kwa lita. Kwa nguvu ya dawa zetu za kawaida T1 ya damu hapo inashuka mpaka milisekunde 20 hivi. Kutoka 1,200 mpaka 20! Hiyo damu inabaki na karibu nguvu yake yote licha ya mapigo mfululizo, inang'aa kuliko hata mafuta, na ndo maana unaweza kukimbiza mashine namna hiyo bila picha kuwa chenga tupu. Kila mbinu ya kuharakisha inakula signali, na dawa ndiyo inayolipa deni.

Ila kuna mpaka. Dawa ikiwa nzito mno pale pale ulipo, athari ya T2*, yaani signali kufifia upesi kwa sababu dawa inavuruga sumaku karibu yake, inaanza kushinda na signali inaanguka badala ya kupanda. Utaiona kwenye vena ya bega upande uliochoma, nyeusi tii wakati mishipa mingine inawaka. Kwa hiyo kusukuma kwa nguvu zaidi sio kila mara ndio bora zaidi.

Hatua ya 1: mjue mgonjwa kabla hajavua viatu

Fomu ya usalama wa sumaku najua mnayo, pacemaker, klipu za kichwani, vyuma machoni kwa mafundi wa kuchomelea, sirudii. Kwa upande wa dawa uliza vitu vinne: amewahi kuchomwa kontrasti ya MRI na ikamletea shida, figo zake zikoje, ana mimba, na ana pumu au mzio mkali.

Swali la mzio liulize kwa jina la kipimo. Wengi watakwambia "nina aleji na dawa ya picha" kumbe walichomwa ile ya ayodini ya CT, ambayo ni dawa nyingine kabisa. Mzio wa samaki nao hauhusiani. Aliyewahi kupata mmenyuko na gadolini yenyewe ndiye wa kumpeleka kwa daktari kwanza, muamue kama kipimo bado kinahitajika, kama mtatumia dawa nyingine, na daktari awepo karibu.

Figo. Historia yake ni nzito na kila anayeshika hii kazi anapaswa kuijua. Mwaka 2000 ulielezwa ugonjwa mpya wa ngozi kukakamaa kwa wagonjwa wa figo, ukaitwa NSF, ngozi inakuwa ngumu, viungo havikunjiki, na wengine walikufa. Mwaka 2006 madaktari wa Austria na Denmark wakauunganisha na gadolini, na 2007 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ikaweka onyo zito kwenye dawa zote za kundi hili. Zilizohusika zaidi ni Omniscan, Magnevist na OptiMARK, ambazo molekuli yake ni ya mstari, haijaifungia gadolini kwa pande zote. Zile za duara kama Dotarem, Gadovist na ProHance zinaishika kwa nguvu, na kwa hizo hatari ya NSF imekuwa ndogo sana hata kwa wenye figo dhaifu. Mwaka 2017 Ulaya ikasimamisha zile tatu za mstari kwa sindano ya mshipani, hii ikiwa ni baada ya Wajapani kuonyesha mwaka 2014 kwamba gadolini inabaki kwenye ubongo wa watu waliochomwa mara nyingi.

Kwa hiyo kituo chako kama bado kina boksi la Omniscan au Magnevist kwa sababu ni bei rahisi, mgonjwa mwenye eGFR, kipimo cha uwezo wa figo kuchuja, chini ya 30 usimchome hiyo, tafadhali. Mtafutie ya duara au kipimo kingine. Aliye kwenye dialisisi panga kipimo kabla ya siku yake ya kusafishwa damu, sio baada, ili dawa isikae mwilini bure.

Mjamzito hapewi isipokuwa daktari ameona hakuna njia nyingine. Anayenyonyesha anaweza kuendelea kunyonyesha, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno, mwambie mwenyewe kwa mdomo wako maana wamama wengi wanarudi nyumbani na kumwaga maziwa siku nzima kwa hofu tu.

Hatua ya 2: dawa ipi, kiasi gani

Soma chupa. Namaanisha shika chupa usome namba, kwa sababu ml moja ya dawa hii sio ml moja ya dawa ile. Dotarem, Clariscan na ProHance ni 0.5 mmol kwa ml, dozi 0.1 mmol kwa kilo, yaani ml 0.2 kwa kilo. Gadovist ni 1.0 mmol kwa ml, kwa hiyo dozi ile ile ni ml 0.1 kwa kilo. Primovist ni 0.25 mmol kwa ml na dozi yake ni 0.025 mmol kwa kilo, inatoka tena ml 0.1 kwa kilo. Elucirem iliyoruhusiwa 2022 ina nguvu zaidi kwa kila molekuli, dozi 0.05 mmol kwa kilo, nayo ni ml 0.1 kwa kilo. Mtu wa kilo 70 basi anapata ml 14 za Dotarem au ml 7 za Gadovist. Ukichanganya haya mawili umempa mara mbili au nusu, na mizani iwepo chumbani, usimuulize mtu uzito akukadirie.

Kwa ini chaguo kubwa ni kati ya dawa ya kawaida na Primovist. Ya kawaida inakupa awamu ya ateri yenye nguvu na muda mrefu kidogo. Primovist inaingia ndani ya seli za ini, karibu nusu inatoka kwa njia ya nyongo, na dakika 20 baadaye ini zima linang'aa na uvimbe mdogo mdogo unabaki mweusi, hapo unaona vitu ambavyo dawa ya kawaida ingeviacha. Gharama yake ni kwamba dozi ni ndogo kwa hiyo awamu ya ateri ni fupi na hafifu, na baadhi ya wagonjwa wanashikwa na pumzi ya kuhangaika kwa sekunde chache mara tu inapoingia, pale pale unapohitaji watulie. Mimi naona hivi: kama swali ni "huu uvimbe ni saratani au la" na mgonjwa habani pumzi vizuri, tumia ya kawaida. Kama swali ni "ziko ngapi kabla ya upasuaji", Primovist inastahili bei yake. Mwenye manjano kali usimpotezee hela kwa Primovist, seli zake hazitaipokea vizuri.

Na chupa ya matumizi ya mtu mmoja ni ya mtu mmoja. Najua dawa ni ghali, najua kuna mgonjwa wa pili nje ambaye ndugu zake wamechangishana, ila kugawana chupa moja ni kugawana vijidudu.

Hatua ya 3: kanula, mrija na injekta

Weka kanula ya geji 20, ikishindikana 22, kwenye mkunjo wa kiwiko. Mkono wa kulia ukiweza. Vena ya kushoto inakatiza mbele ya ateri kubwa za kifua na kwa wazee inabanwa hapo, dawa inakwama au inarudi shingoni na bolasi, yaani dawa iliyosukumwa kwa mkupuo, inafika imechakaa.

Jaribu mshipa kwa salaini kabla hajaingia kwenye bomba, kwa kasi ile ile utakayotumia, huku kidole chako kikiwa juu ya ngozi kusikia kama inavimba. Ml 2 za mkono wa polepole hazithibitishi chochote. Toa hewa yote kwenye mirija. Halafu kumbuka ule mrija mrefu unaotoka kwenye injekta mpaka kwa mgonjwa unabeba ml kadhaa ndani yake, kwa mtu mzima wa ml 14 sio tatizo kubwa, kwa mtoto wa kilo 12 anayestahili ml 1.2 za Gadovist dozi nzima inaweza kuishia ndani ya mrija. Salaini ya kusukumia ndiyo inayoipeleka dawa mwilini, ml 20 hadi 30 kwa mtu mzima, kasi ile ile kama ya dawa, mara moja bila kupumzika kati.

Kasi: dawa za 0.5 tumia ml 2 kwa sekunde. Gadovist ml 1 hadi 1.5 inatosha maana ni nzito. Primovist ml 1 kwa sekunde, ukiikimbiza bolasi inakuwa fupi mno. Huna injekta? Inawezekana kwa mkono, watu wengi wanafanya, ila uwe na mtu wa pili aliyepitia ukaguzi wa vyuma, sirinji ya dawa na ya salaini ziunganishwe kwenye kizibo cha njia tatu tayari, na ahesabu kwa sauti ili kasi isiwe ya haraka mwanzo na ya kuchoka mwisho. Injekta ya CT haiingii kwenye chumba cha sumaku, hata kwa dakika moja.

Hatua ya 4: pumzi

Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibikia, wala sio kwenye mashine. Kaa na mgonjwa dakika tano nje, mfanye mazoezi. Mwambie wazi: "Mama, nitakwambia vuta pumzi, toa, halafu usipumue. Ukishatoa unabaki hivyo hivyo mpaka nikwambie pumua." Kubana baada ya kutoa pumzi ni kugumu zaidi ila ini linarudi sehemu ile ile kila awamu, ukibana baada ya kuvuta kila mara kina kinakuwa tofauti na picha hazilingani. Hesabu naye sekunde 15. Akishindwa kumi usijidanganye kwamba ndani ya bomba ataweza, badilisha mpango: punguza muda wa sikwensi, au abane baada ya kuvuta, au mpe oksijeni kwa mrija wa pua.

Mwambie pia atakachokisikia, ubaridi mkononi, labda ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu kidogo kinachopita. Mtu asiyejua anashtuka, akishtuka anapumua, na ndo sekunde zile zile. Tumia lugha yake. Bibi aliyetoka kijijini na hasikii Kiswahili vizuri, mlete mjukuu amtafsirie kabla, mkubaliane ishara ya kumbana mguu.

Hatua ya 5: sikwensi yenyewe na picha ya kabla ya dawa

Chagua ile ya 3D yenye kuzima mafuta, TR 3 hadi 5, pembe ya flipi (pigo linazilaza protoni kwa kiasi gani) digrii 10 hadi 15, slaisi milimita 3 hadi 4, ini lote ndani ya pumzi moja ya sekunde 15 au chini. Kufika hapo unatumia mbinu za kuharakisha. Upigaji sambamba wa koili nyingi (antena za kupokea signali), SENSE ya 1999 kutoka Zurich na GRAPPA ya 2002, ukiweka mara 2 muda unakatika nusu na signali inashuka kwa asilimia 30 hivi, hiyo dawa inalipa bila shida. Mara 3 na kuendelea katikati ya tumbo panaanza kuwa na chenga, hasa kwa koili yenye chaneli chache. Mashine mpya zina compressed sensing, inayojenga picha kutoka data chache, na zile zinazokusanya data kwa mistari kama spoki za baiskeli (radial) kama GRASP zinamruhusu mgonjwa apumue kawaida huku unakusanya mfululizo, ukiwa nayo kwa wasiobana pumzi ni ukombozi wa kweli. TWIST na TRICKS zinarudia kitovu cha k-spesi mara nyingi na kuazima kingo, ni nzuri sana kwa mishipa, kwa ini zinasaidia kupata awamu za ateri mbili tatu ndani ya pumzi moja.

Kama mashine yako ni ya sumaku ya kudumu, Tesla 0.3 au 0.4, pumzi moja haitakutosha kwa ini lote lenye slaisi nyembamba. Punguza eneo, piga panapotiliwa shaka tu kwa awamu ya ateri, kisha ini lote baadaye.

Picha ya kabla ya dawa ichukue kama mazoezi kamili. Amri zile zile, sikwensi ile ile, sauti ile ile. Iangalie kwa makini kabla hujaenda mbele: ini lote limo? mkono ulio nje ya eneo haujajikunja ukatokea juu ya picha? mafuta yamezimika sawasawa mpaka juu kwenye diaframu? pumzi imeshika? Rekebisha sasa. Ukibadilisha chochote, rudia picha ya kabla. Na kuanzia hapo usiruhusu mashine ijiseti upya, shimu (usawazishaji wa sumaku) ile ile, nguvu ya kipokezi ile ile, kwa sababu utakuja kutoa picha ya kabla kutoka kwenye ya baada ili kuona kilichowaka kweli, na kama mashine imebadilisha kipimo chake kati, hilo tofauti utakaloliona ni la mashine. Uvimbe ulioanza ukiwa mweupe kwa ajili ya damu hauwezi kuhukumiwa bila hiyo hesabu.

Hatua ya 6: hesabu ya muda

Sasa moyo wa kazi yenyewe. Picha ya MRI haipigwi kwa mara moja. Kwa sekunde zote 15 mashine inajaza k-spesi, na sehemu ya katikati ndiyo inayobeba kontrasti ya picha, kingo zinabeba ukali wa mistari. Kwa hiyo swali sio "nianze lini", swali ni "katikati itajazwa lini". Kama mpangilio ni wa mstari, katikati inakuja nusu ya muda. Kama ni wa kuanzia katikati, inakuja mwanzoni kabisa. Baadhi ya mashine zinakuandikia huo muda kwenye skrini, na kama sikwensi inakata sehemu ya k-spesi haitakuwa nusu kamili, usikisie, itafute kwenye vigezo au muulize mtaalamu wa kampuni anayefundisha matumizi ya mashine.

Awamu tunayoitaka kwa ini ni ya ateri iliyochelewa kidogo, ateri imejaa, vena ya pota imeanza kuguswa, vena za ini bado nyeusi. Hiyo inaangukia takriban sekunde 10 hadi 20 baada ya dawa kufika kwenye aota ya tumbo, kutegemea umesukuma kwa sekunde ngapi. Tuseme unalenga sekunde 15. Sikwensi ya mstari ya sekunde 14 ina katikati yake kwenye sekunde 7, kwa hiyo unaanza kupiga sekunde 8 baada ya dawa kuonekana kwenye aota. Hizo 8 sio za kukaa, ndimo unamotolea amri ya pumzi. Ukiwa na ya kuanzia katikati unasubiri karibu zote 15.

Utajuaje dawa imefika? Njia ya kwanza, kuangalia moja kwa moja, CARE Bolus au BolusTrak au jina lolote mashine yako inalotumia, picha moja nene kila sekunde juu ya aota, ukiona weupe unaingia unabadilisha. Njia ya pili, bolasi ya majaribio: ml 1 hadi 2 za dawa na salaini ml 20 nyuma yake, piga kila sekunde, hesabu kilele kimekuja sekunde ya ngapi. Ni ya uhakika ila inapaka ini rangi kidogo na inakula dawa ya Primovist ambayo tayari ni chache, kwa Primovist niko na njia ya kwanza.

Njia ya tatu, muda wa kukariri kwa kila mtu, hiyo achana nayo kabisa. Kwa watu wazima wengi dawa inachukua sekunde 15 hadi 20 kutoka kiwiko mpaka aota, kijana mwenye homa inafika mapema zaidi, mzee mwenye moyo mchovu inaweza kupita 30. Ukimpiga huyo mzee kwa muda wa kijana unapiga ini kavu.

Ukianza mapema mno na mpangilio wa kuanzia katikati, kuna adhabu nyingine. Dawa bado inapanda wakati katikati inajazwa, kisha kingo zinajazwa dawa ikiwa nyingi, unapata mistari ya mawimbi pembeni mwa mishipa, ukingo unawaka na katikati ya mshipa pana giza. Jeffrey Maki na wenzake walilieleza hilo mwaka 1996. Kwenye angiografia linafanana na donge la damu, kwa hiyo usilipitishe bila kulifikiria. Kwa angiografia ya mishipa hesabu ni: muda wa kufika, jumlisha nusu ya muda wa kusukuma, toa muda wa kufika katikati ya k-spesi.

Hatua ya 7: piga, na angalia kabla hujamtoa

Sema amri kwa utulivu, usiharakishe "vuta-toa-usipumue" kwa pumzi moja, inakuchukua sekunde 5 hadi 6 ukiisema vizuri na ulishazipanga. Baada ya ateri, pota kwenye sekunde 60 hadi 70 tangu kuanza kusukuma, halafu dakika 3. Kati ya awamu mwache apumue kabisa, mpongeze, "umefanya vizuri baba, bado mbili". Kwa Primovist tumia dakika za kusubiri kupiga T2 na difusheni badala ya kukaa bure, kisha dakika ya 20 rudi kwa picha ya mwisho na pembe ya flipi ukiipandisha mpaka 25 au 30.

Umepata? Angalia gamba la nje la figo, linawaka wakati la ndani bado jeusi. Bandama ina milia kama pundamilia. Vena ya pota ina kijivu, vena za ini nyeusi. Kama vena za ini zinang'aa umechelewa. Kama hata pota haijaguswa na bandama bado imefifia, umewahi. Andika kwenye maelezo ya daktari, "awamu ya ateri imewahi" au "imechelewa", asije akasema hakuna uvimbe unaowaka wakati ukweli ni kwamba hakuna awamu. Kwa Primovist kuoshwa kwa dawa, yaani uvimbe kuwa mweusi kuliko ini baada ya kuwaka, kunahukumiwa kwenye awamu ya pota tu, kwa hiyo hiyo nayo lazima iwe safi.

Hatua ya 8: mmenyuko, na anapoondoka

Mimenyuko ni michache, kati ya asilimia 0.07 na 2.4 ya sindano, mingi ni vipele na kichefuchefu, ila ile mikali ipo. Akianza kubanwa kifua, sauti kukauka, presha kuanguka, mtoe nje ya chumba cha sumaku kwanza, mlango ufungwe, ndipo mumhudumie. Watu wanaokimbilia kusaidia wanabeba mitungi ya chuma ya oksijeni na mikasi mifukoni, na sumaku haizimwi. Adrenalini ndani ya msuli wa paja, miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa mtu mzima, isiwe imefungiwa kwenye kabati la ufunguo alionao mtu wa zamu nyingine. Kila asubuhi mtu aikague, tarehe yake na sindano yake.

Dawa ikitoka nje ya mshipa, inua mkono, weka kitu cha baridi, mfuatilie. Asiye na shida akae hapo nusu saa na kanula yake, ndipo uitoe. Mwenye figo nzima anaitoa karibu yote kwa mkojo ndani ya masaa 24, anywe maji kama kawaida.

Kwenye rekodi yake andika jina la dawa, namba ya toleo, ml ngapi, kasi, mkono upi, sekunde ngapi ilichukua kufika aota, na alibana pumzi sekunde ngapi. Wagonjwa wa ini wanarudi baada ya miezi mitatu au sita, na radiografa atakayempokea safari hiyo ataanza na namba za mtu huyu huyu.